Kifurushi Kilichomtangulia Mtoto

Yokohama, Japani
9 Juni 1974

Kwa dada yangu Mwanasha,

Shikamoo dada. Na shikamoo ya pili, maana hii ya kwanza itachakaa baharini kabla haijakufikia. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mwalimu wetu wa mashine za barafu anasema mikono yangu ina akili kuliko kichwa changu. Natumaini wewe na mke wangu Ziada mko salama hapo shambani na mikorosho imeanza maua. Nisalimie mkunga Kazija. Nisalimie na Dadi wa dukani, mwenye sanduku la posta, ambaye najua ameinua barua hii juani aone kama ndani mna kitu.

Dada, nchi hii yote ni duka. Kuna duka moja lina ghorofa saba, na mlangoni amesimama msichana mwenye glavu nyeupe ambaye kazi yake ni kukuinamia tu. Ukinunua sindano moja wanaifunga kwa karatasi, wanaifunga tena kwa utepe, kisha wanakukabidhi kwa mikono miwili. Juzi niliona kwenye dirisha la mkahawa sahani ya wali na samaki wa kukaanga, mate yakanitoka. Nikaingia nikaonyesha kwa kidole, nileteeni ile. Walicheka mpaka wakaziba midomo. Kumbe samaki yule ni wa nta, amewekwa pale kuita watu.

Kanga ulizoniagiza sijapata. Ulisema kanga za marehemu mama zilitoka Japani na hazikuchuja mpaka anazikwa. Nimezunguka mji mzima. Hakuna Mjapani hata mmoja anayeijua kanga! Mwenye duka mmoja nilimchorea kwenye karatasi, pindo zake, mji wake, na maneno yake chini. Aliitazama sana, akaenda ndani, akaniletea kitambaa cha meza.

Niandikie mnataka nini kingine. Redio ndogo ya mkononi nimekwisha iona. Na ghorofa ya nne ya duka lile, dada, yote ni ya vitu vya watoto. Nimepanda huko mara mbili. Sisemi zaidi.

Mimi ndugu yako niliye mbali na muhogo,
Abilahi Likwata

* * *

Shambani, nyuma ya Kiranjeranje
21 Julai 1974

Marahaba mdogo wangu, zote mbili nimezipokea.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Mwalimu wa kisomo anasema naikandamiza kalamu kama nachimba muhogo, lakini maneno yanasomeka. Sisi hatujambo. Mikorosho imechanua vizuri, nguruwe wamekula muhogo wetu wa bondeni. Mkeo ni mzima. Kutapika kumekwisha, sasa kazi yake ni maembe mabichi na kununa. Nikimwambia lala ananuna, nikimwambia amka ananuna. Tangu uondoke tuko wawili tu uani, kwa hiyo tunagombana, na kabla maji hayajapoa mtungini tumekwisha kupatana.

Redio usilete. Ya Dadi inatutosha kutusumbua wote. Niletee mkasi unaokata na chupa ya kuwekea chai isipoe. Na kama Mjapani haijui kanga, basi marehemu mama alidanganywa na Mhindi, Mungu awasamehe wote wawili.

Sasa nisikilize. Umeandika habari ya ghorofa ya nne. Usiipande tena. Unajua kwamba kwetu nguo ya mtoto haiingii nyumbani kabla ya mtoto. Kichanga hupokewa kwa kanga kuukuu za shangazi zake, zilizokwisha kulainika, na mpaka alie hana kitu chake duniani. Mimba ya kwanza ya Ziada ulikuwa Lindi mjini, ukarudi na beseni la rangi ya waridi na vifulana vya kufuma, ukaviweka juu ya kitanda watu wote wavione. Mtoto alizaliwa hakulia. Vifulana nilivizika. Beseni Ziada analifulia mpaka leo, na kila akilishika namwona uso wake.

Sisemi beseni liliua mtoto. Nasema usinunue.

Jingine ni hili. Muuguzi wa kliniki amesema safari hii asijifungulie nyumbani, kwa sababu ya ile damu iliyomtoka mara ya kwanza. Mwezi wake ukikaribia nitampeleka mwenyewe hospitali Kivinje, tukae huko tungoje. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, yuko mkononi mwangu.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Mwanasha

* * *

Yokohama
4 Agosti 1974

Shikamoo dada,

Barua yako bado haijafika nami nimeshindwa kungoja. Huku joto ni kama la kwetu, wadudu wanalia mitini mchana kutwa, nikifumba macho naweza kudhani niko chini ya mikorosho. Tunafanya kazi kwenye vyumba vya barafu tukiwa tumevaa makoti, kisha tunatoka nje tunaloa jasho. Mwenzangu Laurenti, kijana wa Newala, alianguka juzi kwa kizunguzungu. Sasa hajambo.

Najua utakachosema, ndiyo maana nimenunua kwanza na kuandika baadaye.

Dada, ungekuwapo ungenunua wewe! Nimepata kijiblanketi kilichojazwa pamba, chepesi, ukikitia mkono ndani unasikia joto papo hapo. Nimepata vifulana vyekundu. Bibi mwenye duka, anayehesabu kwa shanga zilizotungwa kwenye fremu, vidole vyake havionekani kwa kasi, alinieleza kwa mikono na kwa Kiingereza cha kuokota kwamba rangi nyekundu humficha mtoto asionwe na maradhi. Umeona? Hata wao wana mambo yao. Na nimepata kisanamu cha mti, mtoto wa kike, kichwa cha mviringo na nywele zimechorwa kwa wino mweusi. Mikono hana, miguu hana, kiwiliwili kimenyooka tu kama mchi, ndivyo wanavyowachonga huku. Nilimweka chini nikaondoka, nikarudi toka mlangoni kumchukua.

Vyote nimevifunga na kuvipeleka kwa meli. Karani wa posta amesema ni miezi mitatu, pengine minne, na huko kwetu ongeza uvivu wa bandari. Kwa hesabu yangu vitamkuta mtoto amekwisha lia na kunyamaza. Juu nimeandika jina la Ziada kwa herufi kubwa, maana hajawahi kupata kitu cha posta chenye jina lake.

Mwambie nimemtumia kitu. Usimwambie ni nini.

Abilahi, baba mtarajiwa

* * *

Shambani
15 Septemba 1974

Marahaba.

Sisi wazima. Nguruwe hawajambo pia.

Barua yako nilimsomea Ziada, na katikati nikaruka ukurasa mzima. Akaniuliza, "Wifi, mbona safari hii ameandika kidogo?" Nikamwambia mumeo ana kazi nyingi. Umenifanya mwongo nyumbani kwangu.

Abilahi, wewe ni mtu wa namna gani? Mjamzito tunamzuia asikanyage kamba, asikae mlangoni, asitazame kitu kilichokatika, na wewe unamletea mtoto wa mti asiye na mikono wala miguu! Tena umeandika jina la Ziada juu ya kifurushi. Usiniambie mambo ya kisasa. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ile siku mtoto wa kwanza alipotoka kimya, wewe ulikuwa nje unatembea. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Haya, limekwisha. Nimefikiri la kufanya. Kifurushi kitashuka posta ya Masoko, na karatasi ya kukiitia itakuja kwa Dadi. Dadi hawezi kuficha hata chafya. Akikipata atakifunga nyuma ya baiskeli na kupiga kengele toka barabarani mpaka uani kwetu. Nimemwambia karatasi hiyo ije mkononi mwangu na Ziada asisikie. Ameapa. Kiapo cha Dadi nakijua, lakini ndicho nilichonacho.

Wiki iliyopita walipita watu wenye kamba na vigingi, wakapima uwanja kando ya barabara. Wanasema tutakaa pamoja huko, karibu na shule na maji. Hayo ni ya baadaye, wewe shika masomo yako.

Ziada anakusalimu. Ameanza kulala upande mmoja tu.

Mwanasha

* * *

Yokohama
20 Oktoba 1974

Shikamoo dada yangu,

Naomba radhi. Barua zako mbili nimezisoma kwa kufuatana, ya onyo na ya hasira, na ile ya onyo ndiyo iliyoniuma zaidi kwa sababu ilikuwa njiani wakati mimi nafunga kifurushi. Nilikwenda posta, nikamwuliza karani kama mzigo ulio majini unaweza kurudishwa. Aliinama. Huku mtu akitaka kukwambia haiwezekani, huinama.

Tangu siku hiyo sijanunua kitu. Napita madukani mikono iko nyuma kama mzee. Nikimwona bibi wa shanga mlangoni kwake navuka barabara.

Nataka kukubishia kidogo, usikasirike. Watoto wa Wajapani hununuliwa nguo mapema, na wanalia, tena wanapiga kelele. Nimejaribu kulishika neno hilo lisinitoke. Mchana linakaa. Jioni nakumbuka beseni, na lote linaniondoka.

Dada, Laurenti amepata barua kutoka kwao. Anasema yalikuja malori asubuhi, watu wakapakiwa na milango yao, na nyumba zilizobaki zikaezuliwa ili mtu asirudi. Mama yake alishushwa mahali palipokuwa pori. Je, huko kwetu vipi? Uliandika habari ya kamba na vigingi kwa mstari mmoja kisha ukaniambia nishike masomo. Nakujua unaponiambia nishike masomo.

Mpeleke Ziada Kivinje mapema. Usingoje mwezi wake. Mpeleke sasa.

Ndugu yako asiyelala vizuri,
Abilahi

* * *

Shambani
24 Novemba 1974

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeipata jana. Tumeanza kuokota korosho, mwaka huu zimezaa mpaka matawi yameinama. Mvua za mwanzo zimenyesha. Ziada mzima, miguu imevimba kidogo, na leo amenuna kwa jambo ambalo nitakueleza siku nyingine.

Karatasi ya kifurushi imekuja. Dadi alikuja nayo anaipeperusha juu tangu njia panda, kiapo chake sijui alikiacha wapi. Bahati nilikuwa kwenye mikorosho, nikamwahi na kuichukua kabla hajafika uani. Anasema Jumamosi anakwenda Masoko kuchukua mali ya duka, na posta wanamjua kwa sanduku lake, kwa hiyo atatuletea na mzigo wetu, nisijisumbue. Nilimsihi kwa dini yake na ya wazazi wake auweke dukani. Akacheka, akasema, "Mama, mzigo wa furaha haufichwi."

Kwa hiyo kesho alfajiri naondoka mimi, nimtangulie. Nitakichukua na kukimaliza hukohuko, kisiuone mlango wetu. Nikirudi tu, namchukua Ziada twende Kivinje. Mwezi wake bado una siku, nimeuliza kwa Kazija na Kazija atakuwa anapita kumtazama.

Habari ya malori umeniuliza. Tumeambiwa korosho zikiisha. Wameahidi mbele ya watu wote, wakubwa wenyewe, kwamba hakuna atakayehamishwa na korosho zake ziko chini.

Tuombee mvua isizidi. Mto Mavuji ukijaa magari hayapiti.

Mwanasha

* * *

Yokohama
22 Desemba 1974

Shikamoo dada,

Hujambo? Ziada hajambo? Barua yako ya mwezi uliopita imefika, na baada yake hakuna. Kila siku nikitoka kazini napitia kwa mzee anayetunza bweni letu, na kabla sijafungua mdomo anatikisa kichwa.

Huku wanajitayarisha kwa mwaka mpya. Mitaa imejaa watu wanaonunua samaki, machungwa, kamba za majani za kutundika mlangoni. Leo nimeingia dukani kwa mara ya kwanza tangu uniandikie. Nimenunua kitana cha mti laini na mwavuli unaojikunja ukatosha mkobani. Hivi ni vya Ziada mwenyewe, mtu mzima aliyekwisha kufika duniani, kwa hiyo usinigombeze. Nitakuja navyo mkononi mwezi wa nne.

Kwa hesabu yangu mtoto amekwisha kuzaliwa. Naandika hivyo, kisha naogopa kwamba nimeandika. Umeniambukiza.

Alilia, dada? Niandikie mstari mmoja tu. Usisubiri mpaka uwe na habari nyingine za kujazia. Hata kama ni Dadi anaandika, hata kama ni neno moja.

Abilahi

* * *

Kijiji kipya, Kiranjeranje
5 Januari 1975

Mdogo wangu Abilahi,

Ukiwa umesimama, kaa. Ukiwa peke yako, mwite Laurenti akae karibu nawe, kisha usome.

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Ziada ametutoka. Mtoto yu hai. Ni wa kike, na alilia.

Ilikuwa hivi. Nilifika Masoko salama, nikapewa kifurushi. Karani alikifungua mbele yangu aone kama kina ushuru, nikaviona vyote, na yule mtoto wa mti nikamwona. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa mwanamke wa Kimakonde, Stefania jina lake, ana kichanga mgongoni. Nilimpa vyote palepale. Alistaajabu, akaniombea Mungu kwa dini yake. Mimi nikatoka nje nikiwa mwepesi. Nilikula samaki, nikacheka na watu. Naona haya kukuandikia jinsi nilivyokuwa mwepesi siku ile.

Wakati wa kurudi Mavuji ulikuwa umejaa. Magari yalisimama ng'ambo, tukakaa pale, na mvua haikatiki. Nikiwa huko, malori yalikuja kwetu. Korosho zilikuwa bado chini. Watu waliambiwa wapande, na Ziada akapandishwa pamoja na vyungu na kuku. Kazija alikuwa kwenye lori jingine, akashushwa upande wa pili wa uwanja. Uchungu ulimshika Ziada njiani. Alishushwa penye kigingi chenye namba yetu, hapana paa wala ukuta, na walioshushwa jirani walikuwa watu wa vitongoji vingine ambao hawakumjua. Mpaka Kazija anapata habari na kumfikia, jioni imeingia. Mtoto alitoka vizuri. Damu haikukatika.

Nilifika kesho yake. Tumemzika nje kidogo ya kijiji, kaburi la kwanza la mahali hapa.

Mtoto ananyonya kwa jirani. Analala ndani ya kanga yangu, na kanga haikauki kwa mvua hii. Nakumbuka kile kijiblanketi cha pamba, na wewe najua umekikumbuka. Jina tumekuachia wewe.

Nyumba ya zamani imeezuliwa. Mimi nina kibanda cha makuti. Usiniulize zaidi, mengine hayana faida.

Mwanasha

* * *

Yokohama
9 Februari 1975

Shikamoo dada,

Imefika. Nilikaa kama ulivyoniagiza na Laurenti alikuwapo. Mwalimu aliniinamia, na wanafunzi wote wakainama, na mimi sikujua la kufanya nikainama pia.

Wamesema naweza kumaliza mapema, lakini chombo hakuna mpaka mwezi wa nne.

Jina mpe wewe. Mimi vitu nilivyompa mtoto huyu kabla hajafika vinatosha.

Umesema nisiulize, nami nitauliza, kwa sababu huku sina kazi nyingine. Barabara ya kwenda Masoko naijua. Gari likitoka Nangurukuru kwenda Masoko linaipita njia panda ya Kivinje, unashuka, unatembea kidogo, uko hospitali. Ulikuwa unakwenda njia hiyohiyo. Mbona hamkwenda pamoja?

Na jambo la pili. Kazija alikuwa naye mpaka mwisho. Mwulize Ziada alikuwa akimwita nani. Kama aliniita mimi, niambie, nitaweza kulibeba. Kama alinilaani kwa kifurushi changu, niambie hilo pia.

Dada, usiruke ukurasa.

Abilahi

* * *

Kijiji kipya, Kiranjeranje
16 Machi 1975

Marahaba mdogo wangu.

Mwanao hajambo. Ameota mashavu, na akishikwa na njaa kijiji kizima kinajua. Nimemwita Kazija, kwa ajili ya mkono uliompokea. Nina makuti mapya, hayavuji. Shamba tunakwenda asubuhi na kurudi jioni, ni mbali, korosho nyingi zimeoza. Dadi amehamishia duka lake hapa. Hapigi kengele tena anapopita kwangu.

Nilikuwa nimekuandalia uongo. Nilimwendea mkunga Kazija tukaupanga vizuri, aseme uliitwa wewe. Kisha nikaona nimekwisha kudanganya mmoja, na huyo hawezi tena kuniuliza.

Ziada alitaka kufuatana nami. Ndiko kununa kule nilikokuandikia. Alikwisha kufunga mzigo wake, amevaa na viatu, amekaa mlangoni ananingoja. Akaniambia, "Wifi, si njia moja? Niache Kivinje, wewe endelea na safari zako." Alisema kweli. Lakini niliona atakuwa karibu na Masoko, na Dadi anapita huko Jumamosi na mdomo wake. Niliona nitarudi kwake hospitali na harufu ya vitu vile mikononi. Nikamkatalia. Alipozidi kunisihi nikamwambia gari litamtikisa, atashikwa na uchungu barabarani, atajifungulia mvuani kama mnyama. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu, ili aogope abaki nyumbani. Akavua viatu.

Kwa hiyo usijilaumu kwa kifurushi. Kifurushi kilikaa Masoko hakikumgusa. Mimi ndiye niliyemwacha.

Hakukulaani. Jina lako hakulitaja kabisa, Abilahi, nisamehe, ningependa iwe vingine. Pale waliposhushwa ni karibu na barabara, na malori yalikuwa bado yanaingia kuleta watu. Kazija anasema kila lori liliposimama, Ziada aliinua kichwa akauliza, "Wifi karudi?" Kazija akamwambia anakuja. Likisimama jingine, akauliza tena. Mwisho alikuwa hawezi kuinua kichwa, anaitazama barabara tu.

Mimi nilifika kesho yake adhuhuri, na lori lililonileta lilisimama hapohapo.

Mwanasha